Ukiacha Kazi Magara, Utamdai Nani?

Kwenye ukanda huu wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Gitaza hadi Nyanza-Lac, mwajiriwa yeyote ana jibu la swali la kustaafu kabla hujamaliza kuuliza: jenga nyumba. Wengine wataongeza shamba la michikichi, wengine lampara, yaani boti ya kuvulia kwa taa, wengine watakuonyesha watoto. Pensheni hutajwa mwisho, na mara nyingi kwa kicheko. Mpangilio huo ndio ninaoupinga hapa. Ninachodai ni kwamba mtu anayejiandaa kuachana na mshahara aanze na vile anavyoweza kuvidai, yaani haki iliyoandikwa ambayo mwingine analazimika kumtimizia hata mikono yake ikilegea, ndipo aendelee na vile atakavyovimiliki. Tena dai hupata nguvu kadiri wanaolishiriki walivyo wengi, ilhali mali ya mtu mmoja hupata hasara peke yake. Hoja hii haina mashabiki wengi kando ya barabara ya RN3, kwa hiyo wapinzani wake nimewapa vinywa wajisemee: karani wa kiwanda cha mawese aliyebakiza miaka minane, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa lampara, na mama muuza ndagala, yaani dagaa. Si watu fulani wenye majina. Ni misimamo minne ambayo mtu wa Magara au Rumonge ataitambua mara moja, nimeiketisha kwenye benchi moja.

Karani ndiye wa kwanza, na anaanza kwa ukali. “Mwandishi, tuheshimiane. Kila mwezi nakatwa asilimia 4 ya mshahara, tajiri anaongeza 6, zinakwenda INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii. Haya, niambie faranga hizo leo zinanunua nini. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa haijafika faranga 1,600. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ikaishusha faranga yetu mpaka karibu 2,800, na ukienda kwa wabadilishaji wa mtaani unakuta bei nyingine kabisa. Laiti ningenunua saruji na mabati kwa zile asilimia zangu, leo ningekuwa na kitu cha kugusa kwa mkono.”

Malalamiko haya ni mazito, na si haki kuyajibu kwa mahubiri ya subira. Mwaka huo wa 2023 bei nchini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Kiwango cha juu cha mshahara kinachohesabiwa kwa pensheni nacho kilikaa miaka mingi kwenye faranga 450,000 kwa mwezi, hivyo hata aliyelipwa mara tatu ya hapo alihesabiwa kama mtu wa 450,000. Lakini angalia karani anamshtaki nani. Anaishtaki pensheni kwa kosa la faranga. Aliyeficha noti chini ya godoro alipoteza thamani ileile, kisha akapata na la pili: Juni 2023 Benki ya Jamhuri ilitangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 zilizokuwa zikitumika zingekoma kupokelewa baada ya siku 10, na watu waliokuwa wamehifadhi jasho la miaka sandukuni wakajikuta kwenye foleni za benki. Aliyeweka akiba kwenye COOPEC, chama cha akiba na mikopo, naye hakupona kushuka kwa faranga. Tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya hasara. Noti iliyopungua nguvu imepungua, basi, hakuna mlango wa kwenda kubisha. Pensheni huhesabiwa kwa kanuni, na kanuni ikiwa imepitwa na wakati ipo ofisi ya kuulizwa, yupo waziri, lipo bunge. Kama wataisikia hoja ni jambo la kupigania, na nitafika huko. Kwanza tuitazame kanuni yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajawahi kuisoma.

INSS ilianza mwaka 1962, mwaka uleule wa uhuru, na hesabu iliyozoeleka inatokana na Kanuni ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1999. Kwa kanuni hiyo, anayefikisha umri wa miaka 60 akiwa na miaka 15 ya michango, yaani miezi 180, hupata kila mwezi asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho. Kila miezi 12 inayozidi ile 180 humwongezea asilimia 2. Mchukue karani wetu, tuseme wastani wake ni faranga 300,000. Akiwa na miaka 15 atapata 90,000 kwa mwezi. Akifikisha 25 atapata 150,000, na akifikisha 30 atapata 180,000. Ni kidogo, sikatai. Ila aliyefikisha miezi 179 hana hata hicho kidogo: hulipwa mkupuo mara moja, mkaagana. Kati ya 179 na 180 kuna mwezi mmoja tu, na mwezi huo unaweza kuwa ule ambao mhasibu hakupeleka orodha ya wafanyakazi, au ule ambao kampuni ilikuwa na deni ikala michango ya watu, au miezi ya mwanzo alipokuwa kibarua “wa majaribio” asiyeandikwa popote. Vilevile, kwa kuwa wastani unachukuliwa miaka ya mwisho, mwajiri anayetangaza mshahara wa msingi peke yake na kuacha posho anamkata mzee wa kesho bila kugusa mfuko wa mfanyakazi wa leo. Hakuna anayelia, kwa sababu hakuna anayeona.

Hapo ndipo ninapoona kupanga kustaafu kuna kazi ambayo haihitaji hata faranga moja, na wengi hawaifanyi. Ni kutunza kila fishi ya mshahara, kujua namba yako ya matrikula, kwenda kuuliza ni miezi mingapi imeandikwa kwa jina lako, na kulinganisha. Ni kuhakikisha jina ni moja. Kwenye pwani hii mtu anaweza kuwa na jina la Kirundi kwenye karangamuntu, la Kiislamu kwenye mkataba wa kazi, na kwenye cheti cha ndoa yakachanganywa yote mawili huku herufi moja imekosewa. Wengine waliozaliwa zamani wana mwaka wa kuzaliwa tu, bila siku wala mwezi, na mwaka wenyewe unatofautiana kati ya karatasi na karatasi. Haya yote hurekebishika ukiwa bado kazini, mhasibu yuko chumba cha pili na mkuu wa kazi anakujua kwa sura. Miaka mitano baada ya kuondoka, kampuni huenda imefungwa, majalada yamelowa, na aliyekuwa akikufahamu naye amekwenda zake. Mjane atakayekwenda kudai sehemu yake atakuta mlango haufunguki kwa sababu ya herufi.

“Sawa,” anasema karani, “nitatunza karatasi. Lakini usiniondoe kwenye nyumba. Nyumba haishuki thamani.” Hapa ndipo tunapopaswa kukaa kidogo, kwa sababu nyumba ndiyo imani kuu ya mwajiriwa wa Rumonge, na mwambao huu umetoa ushahidi wa kutosha dhidi yake. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mpaka kiwango kilichowakumbusha wazee miaka ya 1960. Rumonge maji yaliingia bandarini, yakaingia kwenye nyumba na sehemu za starehe za ufukweni, na kuta zilizojengwa kwa akiba ya miaka ishirini zikasimama ndani ya ziwa kama si za mtu. Tena hasara hii haikuja bila onyo: Kanuni ya Maji ya mwaka 2012 iliweka mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo lisilojengwa. Aliyejenga ndani ya mita hizo alikuwa na nyumba, ila hakuwa na dai, kwa sababu huwezi kudai fidia kwa ukuta ambao sheria ilikukataza kuusimamisha. Ukikimbia ziwa ukapanda mlimani, unakutana na jambo jingine. Mlima wa Gitaza ulipoporomoka Machi 2015 ulibeba watu na nyumba zao. Ukanda wenyewe ni mwembamba, maji upande mmoja na mteremko upande wa pili, na kila kiwanja tambarare kilichobaki kina historia.

Historia hiyo ndiyo mzigo wa tatu wa nyumba na shamba, na ni mzigo wa Rumonge na Nyanza-Lac kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1972 watu wa huku waliuawa na wengi wakavuka kwenda Tanzania. Mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yakachukuliwa na wengine, mengine kwa vibali vya serikali. Waliporudi miongo mitatu au minne baadaye, waliowakuta juu ya ardhi ile hawakuwa wezi wote: wapo waliokuwa wamenunua kwa mshahara wa halali, wakipanga uzee wao. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilishughulika na kesi hizo kwa miaka mingi na kuamua baadhi, na hakuna aliyetoka amefurahi kamili. Somo la mstaafu mtarajiwa hapo ni la kisheria kabisa. Kiwanja alichokipata kwa karatasi ya mkono iliyotiwa saini na mashahidi wawili na chupa za Primus ni mali mpaka siku atakapotokea mwenye babu. Kiwanja chenye hati iliyosajiliwa, mipaka iliyopimwa na asili ya umiliki iliyochunguzwa ni dai. Bei ya viwanja viwili hivi hailingani, na tofauti hiyo ya bei ndiyo wengi wanaikwepa wakidhani wameokoa pesa.

Mwalimu amekuwa kimya, na anapozungumza ni kwa sauti ya mtu aliyefundisha madarasa ya watoto themanini. “Ndugu mwandishi, umesahau pensheni ya kale kuliko zote. Sisi tulizaa, tukasomesha. Watoto wangu hawawezi kuniacha nilale njaa.” Siwezi kumbishia nia ya watoto wake. Nabisha uwezo wao. Sheria ya watu na familia inautambua wajibu wa mtoto kumtunza mzazi mhitaji, lakini mzazi gani wa Magara atamburuza mwanawe mahakamani? Kama hutalidai, si dai, ni matumaini. Na mwana mwenyewe yuko wapi? Yuko Bujumbura anahangaika na kodi ya nyumba, au Kigoma, au amekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za ndani baada ya makubaliano ya mwaka 2021. Anayetuma faranga kutoka huko anatuma akiwa na wadogo zake wa kusomesha, yaani uzee wa baba unapigania mfuko mmoja na shule ya mdogo. Mwalimu anajua nani hushinda pambano hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alipokuwa kijana aliwahi kuchagua. Kwa bahati, yeye ana kitu zaidi ya watoto: kama mtumishi wa serikali, uzee wake uliwekwa chini ya ONPR, ofisi iliyoundwa kwa ajili ya pensheni za watumishi wa umma. Anaongea kama mtu anayetegemea watoto, huku jalada lake likimtegemeza kimyakimya.

Lakini mwalimu hajamaliza, na pigo lake la pili ndilo gumu kuliko yote yaliyosemwa kwenye benchi hili. “Unasema kanuni hubadilishwa. Hebu niambie, kima cha chini cha mshahara nchini humu ni kiasi gani? Ni faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, 105 kwingineko. Kiliwekwa lini? Mwaka 1988. Kwa 105 hununui hata kiberiti. Serikali iliyoiacha namba hiyo miaka zaidi ya thelathini, wewe unataka niikabidhi uzee wangu?” Karani anapiga paja kwa furaha. “Ndiyo maana nasema wanipe changu chote siku ninayoondoka! Mkupuo! Mengine nitajua mwenyewe.”

Nianze na mkupuo, kwa sababu jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wamekwisha kuupigania hadharani. Tanzania ilipounganisha mifuko ya pensheni mwaka 2018, kanuni mpya za kikokotoo ziliwaambia wastaafu wote kwamba watachukua mkupuo wa asilimia 25, inayobaki waipate kidogo kidogo kila mwezi, wakati watumishi wengi walizoea 50. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa mpaka Rais Magufuli, Desemba mwaka huohuo, akarudisha kanuni za zamani kwa kipindi cha mpito. Mwaka 2022 ikaletwa asilimia 33 kwa wote. Kelele hazikuisha, na bajeti ya mwaka 2024 ikaipandisha mpaka 40 kwa waliokuwa wakipata 50 hapo awali. Mtu anaweza kuutumia mfano huu kumuunga mkono karani: tazama, hata wafanyakazi wa Tanzania wanataka mkupuo. Mimi nauona upande mwingine. Mara tatu ndani ya miaka sita serikali ilibadilisha namba, si kwa sababu ilipenda, bali kwa sababu walimu, manesi na makarani wote walikuwa wanadai kitu kimoja, kwa neno moja ambalo kila mtu alilijua. Kikokotoo kikawa siasa. Aliyepoteza nyumba ya ufukweni Rumonge mwaka 2024 hakuwa na neno la namna hiyo. Alikuwa na msiba wake na jirani waliokuja kumpa pole.

Sasa nimjibu mwalimu. Anasema kweli kuhusu 1988, na hakuna namna ya kuipamba namba hiyo. Ila ajiulize kwa nini kima cha chini kilikaa bila kuguswa. Wanaolipwa kima cha chini hasa ni vibarua wa mashamba na watu wa kazi za siku, wametawanyika, hawana chama chenye sauti, na wengi hawajui kwamba namba hiyo ipo. Dai lao lilikuwa kwenye karatasi bila watu nyuma yake. Hiyo haionyeshi kwamba madai hayana maana. Inaonyesha kwamba dai lisilodaiwa hulala. Wastaafu na wanaokaribia kustaafu wana kitu ambacho kibarua hana: wana orodha, wana namba, wana vyama vya wafanyakazi walivyovichangia wakiwa kazini. Kosa lao ni kuvihama vyama hivyo siku ya sherehe ya kuagwa. Mwalimu aliyefundisha kata nzima kusoma, akiondoka kazini, anaacha pia kuuliza kwa nini kiwango cha pensheni hakijapanda wakati bei ya mchele imepanda. Kwa hiyo nakubaliana naye kwamba pensheni isiyosukumwa itaoza. Ninachokataa ni hitimisho lake kwamba, kwa kuwa inaweza kuoza, mtu aitupe.

Kijana wa lampara amekuwa akicheka chini chini. “Wazee wangu, mnagombania karatasi, na ziwa liko mbele yenu. Mtu akistaafu anunue boti, aajiri vijana, alete samaki. Mukeke haupungui wateja.” Mukeke haupungui wateja, ni kweli, unapungua wenyewe. Mwaka 2024 nchi nne za ziwa, zilizounganishwa na mkataba uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003 na zenye mamlaka ya pamoja jijini Bujumbura, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Sioni kosa katika uamuzi huo. Lakini kwa mwenye boti miezi hiyo mitatu ni jaribio la uzee lisilokuwa la kufikirika: mapato sifuri, chakula palepale, na wavuvi wake wanamwomba mkopo. Ongeza usiku wa mbalamwezi ambapo taa za lampara hazivuti ndagala, ongeza foleni za petroli ambazo Burundi imezizoea tangu mwaka 2021, ongeza nyavu zinazotaka kushonwa. Na juu ya yote, boti ni biashara ya kuwepo. Mwenye boti asiyesimama ufukweni alfajiri kuhesabu mabeseni yanaposhushwa, atahesabiwa na wengine. Mzee wa miaka sabini mwenye magoti mabovu hatakuwepo. Boti ni mali nzuri ya mtu wa miaka arobaini.

Mchikichi ni jambo tofauti, na hapa nawapa wapinzani wangu haki yao. Kama kuna mali ya mwambao huu inayofanana na pensheni, ndiyo hii. Unapandwa leo, unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na ukitunzwa unaendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyepanda akiwa na miaka 48 atakuwa anauza mikungu kuanzia 52 mpaka anapopita 70. Mawese yana mnunuzi hapahapa: akina mama wanaochemsha ngazi kwenye mapipa na kuzikamua kwa mashine za mkono, watengenezaji wa sabuni, wafanyabiashara wa Bujumbura. Na bei ya mafuta hupanda na bei nyingine, kwa hiyo faranga ikidondoka, pipa la mawese halidondoki nayo. Hili pensheni ya INSS haiwezi kulifanya peke yake. Lakini hata mchikichi una siri inayojulikana na aliyewahi kuukata. Miaka ya kwanza mikungu iko usawa wa kifua. Unaifikia kwa panga ukiwa umesimama. Miaka kumi na tano baadaye iko juu, inahitaji kijana wa kupanda, na kijana huyo anataka sehemu yake. Mti unarefuka huku mwenyewe anainama. Hivyo anayepanda sasa aandike tangu mapema mkataba na atakayekata, mgawanyo uwe wa wazi, na kama shamba liko karibu na wengine wauze kupitia ushirika, ambako kilo zinaandikwa kitabuni na mzee anaweza kutuma mjukuu kuchukua malipo bila kuibiwa. Hapo tena mti umekuwa mali inayodaiwa, na ndiyo hali ninayoitetea.

Mama muuza ndagala amesikiliza haya yote akiwa ameegemea beseni lake, na swali lake linaweza kuiangusha makala hii. “Baba, karani ana INSS. Mwalimu ana pensheni yake. Mimi nani aliniajiri? Ziwa? Nikichoka, namdai nani?” Wengi wa watu wa Magara ni yeye, si karani. Hoja ya madai, ikiishia kwa wenye fishi za mshahara, ni hoja ya watu wachache wanaojitetea. Kanuni ya 1999 iliacha mlango wa bima ya hiari INSS, lakini mlango huo unamfaa zaidi aliyewahi kuajiriwa akaacha kazi kabla ya kutimiza miezi yake (na wapo wengi wa namna hiyo wasiojua kwamba wanaweza kuendelea kuchangia wenyewe). Kwa mama wa ndagala, Burundi haina kitu kama kile cha Zanzibar, ambako tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye 50,000, bila kuulizwa alimfanyia nani kazi. Rwanda ilianzisha Ejo Heza Desemba 2018, ambapo muuza mboga huchangia kidogo kidogo kwa simu na serikali huwaongezea wenye kipato cha chini. Kenya ina mpango wa Mbao, ulioanzishwa kwa mafundi wa jua kali kwa hesabu ya shilingi 20 kwa siku. Mipango hii mitatu ni tofauti kwa ukubwa na kwa mafanikio, lakini yote inathibitisha kwamba mwajiri si sharti la mtu kuwa na dai.

Alicho nacho mama ni ikirimba, au kikundi cha “Nawe Nuze”: wanawake ishirini au thelathini, sanduku lenye kufuli, hisa za kila wiki, mikopo ya mwezi. Vikundi hivi vimesaidia watu wa mwambao huu kuliko benki nyingi. Ila kwa uzee vina kasoro moja ya kimuundo: mwisho wa mwaka sanduku hupasuliwa na kugawanywa lote, kisha wanaanza sifuri. Pesa inayorudi sifuri kila Desemba haiwezi kumsubiri mtu mpaka miaka 65. Ningependekeza kikundi kiache sehemu ndogo isigawanywe, iwekwe kwenye COOPEC kwa jina la kikundi, inunuliwe kitu chenye kuzaa, hata michikichi ya pamoja yenye hati, na kitabu kionyeshe sehemu ya kila mwanachama na jina la atakayeirithi.

“Sehemu hiyo unayotaka niache,” anajibu mama, “ni michango ya shule ya mtoto Januari. Ukiichukua, mwalimu huyu hapa atamfukuza.” Mwalimu anatazama chini. Kwa mwenye kipato cha namna hii, hakuna kupanga kunakoweza kuzalisha pesa ambayo haipo, na kumwambia aweke akiba zaidi ni kumkosea adabu. Jibu lake ni la Zanzibar: pensheni ya wazee wote inayotoka kwenye kodi, ambayo yeye amekwisha kuichangia kila siku alipolipa ushuru wa soko na kodi iliyomo ndani ya bei ya sabuni. Hiyo ni kazi ya bunge na bajeti, na wa kuisukuma wapo. Ni haohao karani na mwalimu, wenye vyama, namba na barua zenye mihuri, kama watakubali kwamba ombi la kupandishiwa pensheni yao lifuatane na ombi la mama aliye kwenye benchi lao.